Historia Isiyo na Mwandishi: Kumbukumbu za Utafutaji Mtandaoni na Mtumiaji wa Kiswahili

Utangulizi

Neno kifaru lina maana zaidi ya moja. Kamusi hulieleza kwanza kuwa ni mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe puani, ambaye pia huitwa faru. Kisha hulieleza kuwa ni gari la vita lenye deraya. Maana ya tatu haimo kamusini, kwa kuwa ni jina la mahali: Kifaru, katika nchi ya Wapare, mkoani Kilimanjaro. Mtu akilitamka neno hili mbele ya mwenzake, muktadha huamua maana. Mwenzake anajua atokako msemaji na anajua mazungumzo yalikuwa juu ya nini.

Mtu huyohuyo akiliandika neno hilo katika kisanduku cha kutafutia mtandaoni, anayempokea ni mtambo. Mtambo haumjui, basi hauna budi kukisia. Huangalia lugha iliyowekwa katika simu yake, mahali alipo, na aghalabu maneno aliyowahi kuyatafuta siku zilizopita. Aliyekuwa akitafuta habari za Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko karibu na mji wa Same na ambayo hutunza faru weusi, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuletewa mnyama. Aliyekuwa akifuatilia habari za vita ataletewa gari la deraya. Aliyekuwa akiulizia mabasi ya kutoka Same kwenda Moshi huenda akaletewa ramani. Kwa hiyo maneno ya jana huwa muktadha wa neno la leo.

Hifadhi hiyo ya maneno yaliyokwisha kutafutwa ndiyo mada ya mhadhara huu. Wataalamu wa lugha wana sababu mbili za kuishughulikia. Kwanza, ni ushahidi wa aina mpya kuhusu lugha, ambao watunga kamusi na sarufi wa zamani hawakuwa nao. Pili, ni maelezo ya maisha ya mtu, ambayo hakukusudia kuyaandika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sababu ya kwanza haiwezi kusimama bila kuiheshimu ya pili: anayeuliza ndiye mwenye kumbukumbu ya maswali yake, na haki yake ya kuiona na kuifuta inatangulia haja ya mtafiti ya kuisoma.

Tarehe, habari, historia na kumbukumbu

Kabla neno historia halijazoeleka, Kiswahili kilikuwa na maneno mengine kwa ajili ya masimulizi ya wakati uliopita. Tarehe, neno lenye asili ya Kiarabu, lilimaanisha siku ya mwezi na pia masimulizi ya mambo ya kale. Habari nalo lilitumika hivyo. Kuna habari za Pate na habari za Lamu, na kwa jirani wa Wapare, katika milima ya Usambara, kuna Habari za Wakilindi zilizoandikwa na Abdallah bin Hemedi. Maandishi hayo yana sifa moja ya pamoja: yana mwandishi. Mtu alikaa, akachagua la kusema na la kuacha, akalipanga kwa mfuatano wa watawala na vizazi, akalikabidhi kwa wasomaji.

Historia ya utafutaji haina mwandishi wa namna hiyo. Hakuna anayechagua. Kila neno linaloandikwa huingia pamoja na saa na dakika yake, liwe la maana au la upuuzi, liwe limeandikwa na mwenye simu au na mtoto aliyeazima simu. Swali la usiku wa manane kuhusu ugonjwa hukaa kando ya matokeo ya mpira. Kwa hiyo neno historia, ambalo programu za kompyuta na simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimelipokea, linaahidi masimulizi mahali ambapo pana orodha tu.

Neno kumbukumbu lingefaa zaidi. Lina pande mbili ambazo mjadala huu unazihitaji. Upande mmoja ni kile kilichomo akilini mwa mtu. Upande wa pili ni jalada lililomo kabatini mwa ofisi. Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyowekewa sheria ya mwaka 2002, na kazi ya watunza kumbukumbu si kuhifadhi peke yake. Wao hupanga pia kipi kitunzwe, kwa muda gani, nani aruhusiwe kukiona, na kipi kiteketezwe kwa utaratibu. Kufuta ni sehemu ya utunzaji. Mtu anayefuta maneno aliyoyatafuta hafichi uovu kwa sababu tu ya kufuta. Anafanya kwa jalada lake kile ambacho mtunza nyaraka hufanya kwa jalada la serikali.

Vitenzi vya jambo lenyewe navyo vinafundisha. Kutafuta ni neno la jumla, lisilo na lawama. Kusaka lina harufu ya uwindaji. Kuvinjari lilihusu mwendo wa kuzungukazunguka kwa uangalizi, kabla halijapewa kazi ya intaneti na kuzaa neno kivinjari. Kupekua ni kazi ya kuku anayechakura, na ni kazi ya askari anayeingia nyumbani mwa mtu. Mtu anapotafuta neno mtandaoni, anatafuta. Mwingine anapoifungua orodha ya maneno aliyoyatafuta, huyo anapekua. Lugha imekwisha kuyatenganisha matendo haya mawili, ingawa mtambo huyaweka katika ukurasa mmoja.

Anayeuliza na anayejibu

Nchi ya Wapare inatoa mfano mzuri wa namna maarifa yalivyokusanywa kabla ya mitambo. Mwaka 1909 ilichapishwa sarufi ya Chasu, yaani Kipare, iliyoandikwa kwa Kijerumani na mmisionari Ernst Kotz. Mwaka 1969 mwanahistoria Isaria Kimambo alichapisha historia ya kisiasa ya Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900, akitegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya wazee. Kazi hizi mbili zinatofautiana kwa lengo na kwa mtazamo, lakini zinafanana katika jambo moja. Zote zilizaliwa na maswali, na katika zote kilichobaki kitabuni ni majibu. Mwanafunzi wa leo anaweza kusoma mzee alieleza nini kuhusu ukoo fulani. Si rahisi kujua aliulizwa kwa maneno gani, wala mara ngapi.

Tena, mzee aliyejibu alikuwa na uwezo. Alimwona aliyemuuliza. Aliweza kukataa, kuahirisha, kusema nusu, au kuelekeza kwa mwenye haki ya kusimulia. Mtafiti wa historia simulizi anajua kwamba kimya cha mzee ni sehemu ya ushahidi.

Katika kisanduku cha kutafutia mambo yamegeuka. Anayehifadhiwa ni muulizaji. Majibu hubadilika kila siku, lakini swali hubaki kama lilivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya tahajia. Na muulizaji hamwoni anayemsikiliza. Ustadi ambao jamii ilikuwa nao wa kupima nani aambiwe nini hauna pa kushika, kwa kuwa upande wa pili hauna uso.

Upare una kumbukumbu nyingine inayohusiana na jambo hili. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru, iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya kila mlipaji. Kimambo aliiandikia kitabu mahsusi mwaka 1971. Sababu za upinzani ule zilikuwa nyingi na hazistahili kupunguzwa hadi moja. Hata hivyo, kodi ya namna ile ina sharti lake: lazima mtu mwingine aikadirie mali ya nyumba ya mtu, aiandike, na kuitumia kumwamulia. Tatizo la kuandikwa na mwingine, na kuamuliwa kwa maandishi hayo, si geni lililoletwa na kompyuta. Kilicho kipya ni wingi wa maandishi, na ukweli kwamba yanaandikwa kwa vidole vya mwandikwaji mwenyewe.

Kamusi inayowasikiliza wasomaji

Manufaa ya kumbukumbu hizi kwa taaluma ya Kiswahili ni makubwa, na haifai kuyadharau. Kwa muda mrefu watunga kamusi walijua waandishi wameandika nini. Hawakujua wasomaji wamekwama wapi. Kamusi ya karatasi haisemi ni ukurasa gani umefunguliwa, isipokuwa kwa uchakavu wa pembe zake.

Kamusi ya mtandaoni husema. Mwaka 2004 Sarah Hillewaert na Gilles-Maurice de Schryver waliweka mtandaoni kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, na kila neno lililotafutwa liliingia katika rekodi ya matumizi. Mwaka 2006 de Schryver na wenzake walizitumia rekodi hizo kuuliza swali zito: je, maneno yanayotumika sana katika matini ndiyo yanayotafutwa sana kamusini? Walifikia jibu la mashaka, wakaonya dhidi ya kuamini kupita kiasi kwamba wingi wa neno katika matini utabiri haja ya msomaji. Mwaka 2019 de Schryver, safari hii pamoja na Sascha Wolfer na Robert Lew, alirejea kwenye kamusi hiyo akiwa na rekodi za takriban miaka kumi na mbinu bora zaidi za takwimu. Uhusiano kati ya wingi wa neno katika matini na kutafutwa kwake ulionekana kuwapo kweli. Jibu lilirekebishwa kwa sababu rekodi zilikuwa zimetunzwa. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa kuhifadhi.

Kuna faida nyingine inayotokana na sarufi yenyewe. Kiswahili hubeba maana kwa viambishi. Mwanafunzi anayekutana na neno walivyomfuatilia huenda akaliandika zima kamusini, bila kujua kwamba kidahizo chake ni fuata au fuatilia. Arvi Hurskainen alionyesha mwaka 1992 namna kompyuta inavyoweza kuzichambua tungo za aina hii. Rekodi za utafutaji humwonyesha mtunga kamusi ni viambishi gani vinawashinda watumiaji, na wapi kamusi inapaswa kuwafuata badala ya kungoja waifuate.

Hata hivyo, ushahidi huu una upogo. Msemaji wa Chasu au wa Kigweno, katika milima ya Upare, hutafuta mtandaoni kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa kuwa anajua lugha yake ya kwanza haitamletea jambo. Akikosa jibu mara mbili kwa Kiswahili, atahamia Kiingereza. Rekodi itasema kwamba hakuna haja ya Chasu na kwamba haja ya Kiswahili ni ndogo. Kwa hakika imerekodi mazoea ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kutokuulizwa si kutohitajika.

Namba si pazia

Hatari ya kumbukumbu hizi ilidhihirika mapema. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Marekani ya AOL ilitoa hadharani takriban maswali milioni 20 yaliyotafutwa na watumiaji wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Nia ilikuwa kuwasaidia watafiti. Majina yaliondolewa, na kila mtumiaji akapewa namba. Baada ya siku chache tu waandishi wa gazeti la New York Times walifuata maswali ya namba moja, wakafika nyumbani kwa mama mmoja wa jimbo la Georgia. Maswali yake kuhusu mji wake, ukoo wake na maradhi yalitosha kumtambulisha. Kampuni iliondoa data hizo, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa.

Mwanaisimu hapaswi kushangaa. Lugha ya mtu ni alama yake. Anayetafuta kwa Kiswahili chenye maneno ya Kipare, akitaja Same, shule fulani na ukoo fulani, amejitaja bila kutaja jina. Katika mji mkubwa huenda maneno hayo yakawaangukia maelfu. Katika mji mdogo huenda yakawaangukia watu watatu. Kadiri jamii ya wasemaji ilivyo ndogo ndivyo namba inavyositiri kidogo. Kwa lugha za Afrika, kanuni hii ina uzito kuliko kwa Kiingereza.

Kuona, kufuta na kudhibiti

Je, mtumiaji ana uwezo gani leo? Mwezi Aprili 2005 kampuni ya Google ilianzisha huduma iliyomwezesha mwenye akaunti kuona maneno aliyoyatafuta. Desemba 2009 kampuni hiyo ilianza kurekebisha matokeo hata kwa watu ambao hawakuingia katika akaunti, kwa kutegemea kumbukumbu iliyohifadhiwa kupitia kivinjari. Mwaka 2016 ilikusanya kumbukumbu za huduma zake nyingi katika ukurasa mmoja, ambao kwa Kiswahili huitwa Shughuli Zangu. Mwaka 2019 iliongeza uwezo wa kuzifanya zijifute zenyewe baada ya miezi 3 au 18, na Juni 2020 ikafanya miezi 18 kuwa utaratibu wa kawaida kwa akaunti mpya.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba kumbukumbu moja hukaa mahali zaidi ya pamoja. Kwanza imo katika kivinjari, ndani ya simu au kompyuta yenyewe. Anayeifungua ni yeyote anayeishika simu hiyo, na pale ambapo simu ni moja kwa nyumba nzima, huyo ni mama, kaka au mgeni. Maneno ya zamani hujitokeza yenyewe mara herufi ya kwanza inapoandikwa. Pili imo katika akaunti, kwenye seva za kampuni, na huonekana katika kila kifaa ambacho akaunti hiyo imefunguliwa. Tatu, tovuti iliyotembelewa na kampuni inayotoa huduma ya intaneti huwa na rekodi zao wenyewe. Anayefuta ya kwanza hajaifuta ya pili, na anayezifuta zote mbili hajaigusa ya tatu.

Hali fiche ya kivinjari nayo imeeleweka vibaya. Huizuia simu isitunze orodha. Haiwazuii walio nje ya simu. Mwezi Aprili 2024 nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kwamba Google imekubali kuharibu mabilioni ya rekodi zilizotokana na watu waliovinjari wakidhani hawaonekani. Neno fiche lilikuwa limeahidi zaidi ya lilichotimiza, na hilo ni tatizo la lugha kama lilivyo tatizo la mitambo.

Katika mikahawa ya intaneti, ambako wanafunzi wengi wa Tanzania walijifunzia kutafuta, kompyuta moja ilitumiwa na watu kumi kwa siku. Aliyesahau kutoka katika akaunti yake alimwachia anayefuata jalada lake likiwa wazi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye mikahawa hiyo kufunga kamera za kurekodi yanayofanyika humo. Hivyo muulizaji aliandikwa mara mbili: mara moja kwa maneno yake, mara ya pili kwa sura yake.

Sheria na istilahi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inayagusa mambo haya katika ibara mbili. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Ibara ya 18 inatambua haki ya kutafuta habari. Zikisomwa pamoja, zinaelekeza kwamba kutafuta kusiwe na bei ya kupoteza faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mhusika haki ya kufahamu taarifa zake, kuzirekebisha, na katika mazingira yaliyotajwa, kutaka zifutwe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, na Uganda mwaka huohuo.

Haki isiyoeleweka haitumiki. Mtumiaji anaposoma katika simu yake kwamba shughuli zake kwenye wavuti na programu zimehifadhiwa, huenda asitambue kwamba anaambiwa: maneno yote uliyoyatafuta yametunzwa. Neno shughuli hukumbusha kazi, au hafla ya arusi na msiba. Tafsiri iko sahihi kwa kamusi, lakini haimfikishii mtu onyo. Hapa BAKITA, TATAKI na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina wajibu. Istilahi za sayansi huweza kungoja wataalamu wazizoee; istilahi za ridhaa haziwezi, kwa kuwa mtu hubonyeza kukubali siku ileile ya kwanza.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hii ilimlinda muulizaji: ilimwondolea aibu ili apate elimu. Mtu anayejua kwamba kila swali lake litawekwa na huenda likasomwa na asiyemjua, ataanza kuchagua maswali. Hataulizia ugonjwa anaouonea haya, wala sheria anayoishuku, wala neno ambalo angepaswa kulijua tangu shule ya msingi. Atakuwa amepoteza elimu, na mtafiti wa lugha atakuwa amepata rekodi ya watu wanaojihadhari, akaiita picha ya lugha.

Kutokana na hayo, taasisi inayoendesha kamusi au hazina ya matini za Kiswahili mtandaoni inapaswa kutimiza mambo manne. Iseme kwa Kiswahili chepesi, ukurasa wa mbele, inachokitunza na kwa muda gani. Itenge neno lililotafutwa na mtu aliyelitafuta mapema iwezekanavyo, kwani mtunga kamusi huhitaji zaidi neno kuliko mtu. Isitoe hadharani mfululizo wa maswali ya mtumiaji mmoja, hata kama jina limeondolewa. Na impe kila mtumiaji njia ya kuona na kufuta maneno yake bila kuomba kwa barua.

Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kuyaingiza mambo haya darasani bila kungoja mtaala mpya. Somo la polisemia linaweza kuanza na neno kifaru kwenye simu mbili zenye kumbukumbu tofauti, matokeo yakalinganishwa, kisha wanafunzi wakaonyeshwa mahali kumbukumbu hizo zilipo na namna ya kuzifuta. Katika saa moja watakuwa wamejifunza kwamba maana hutegemea muktadha, na kwamba muktadha huo ni mali ya mtu.